Mashine ya matunda: usilipe kabla hujashika ufunguo wa nyuma

Kitu chenyewe kilikuwa kidogo kama ukucha wa kidole gumba. Kipande cha plastiki chenye pini, kimechomekwa kwenye ubao wa saketi nyuma ya mashine, na juu yake kibandiko kilichofifia chenye tarakimu mbili: 78. Mpwa wangu mwenye umri wa miaka 12 alikimulika kwa tochi ya simu, akaniuliza, "Mjomba, hii sabini na nane ndiyo nini?"

Nikamwambia hiyo ndiyo mashine yenyewe. Taa zote zile za mbele, muziki, picha za cheri na ndimu na kengele, vyote vimejengwa kuizunguka namba hiyo. Kati ya kila fedha 100 zinazoingia mdomoni, mashine imepangwa irudishe 78 kwa wachezaji kadiri muda unavyokwenda. Zinazobaki ni za mwenye baa.

Tulikuwa sebuleni kwa dada yangu, Manchester. Yeye na shemeji walikuwa wamenunua mashine ya kamari iliyotumika, ya aina ambayo Waingereza huiita mashine ya matunda, wakaiweka kwenye kona ambako zamani kulikuwa na kabati la vyombo. Nimeulizwa na Watanzania na Wakenya kadhaa wanaoishi kule kama ni busara kununua kitu kama hicho kwa ajili ya nyumbani. Matangazo yake ni mengi, bei si kubwa, na baa za Kiingereza zinazofungwa huacha mashine zisizo na kazi. Jibu langu ni ndiyo, lakini si kwa kila nyumba, na ukinunua vibaya utakuwa umejiletea sanduku la chuma la kilo mia moja na ushei ambalo hata wa kulichukua bure humpati.

Kwanza ijulikane ilikotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1890 fundi mmoja mzaliwa wa Bavaria, Charles Fey, alitengeneza huko San Francisco mashine ya magurudumu matatu yenye picha, akaiita Liberty Bell. Unaingiza sarafu, unavuta mkono wa pembeni, magurudumu yanazunguka na kusimama moja baada ya jingine. Matunda hayakuwamo. Yalikuja karibu na mwaka 1910, Chicago, pale watengenezaji walipobanwa na sheria za kupinga kamari wakaanza kudai kuwa mashine zao zinauza chingamu. Cheri, ndimu na chungwa vilikuwa ladha za chingamu hiyo, na lile neno BAR ambalo mpaka leo linaonekana kwenye magurudumu lilitokana na nembo ya chingamu yenyewe. Kwa hiyo hata sura ya mashine hii, inayopendeza macho ya mtoto, ilizaliwa kama kisingizio mbele ya sheria. Mzazi anayeileta nyumbani anapaswa kulijua hilo.

Uingereza iliifungulia milango ya baa kwa sheria ya mwaka 1960, na viwanda vyake vikaota hukohuko: Barcrest pale Ashton-under-Lyne, Bell-Fruit mjini Nottingham, JPM mjini Cardiff, Maygay mjini Wolverhampton. Mashine ya dada yangu ni Barcrest ya miaka ya 1990. Kutoka kiwandani hadi sebuleni kwake ni mwendo wa basi tu. Waingereza waliongeza vitu ambavyo Fey hakuwa navyo: kitufe cha kushikilia gurudumu lisizunguke, kitufe cha kulisukuma hatua moja, na ubao wa juu wenye taa zinazopanda ngazi kuelekea zawadi kuu. Vitufe hivyo humfanya mchezaji ajione fundi. Nitalirudia jambo hili, maana ndilo lenye madhara kuliko yote.

Sasa habari ya kununua. Mashine waliyonayo ni ya pili. Ya kwanza walilipa pauni 180 kwa muuzaji aliyeileta kwa gari dogo la mizigo jioni ya mvua. Aliiwasha, taa zikawaka, muziki ukalia, watoto wakashangilia, shemeji akalipa. Ufunguo wa mlango wa mbele alikabidhiwa. Wa nyuma, akaambiwa, utakuja kwa posta. Haukuja. Simu ikawa haipokelewi. Mwezi wa pili mashine ikazima ghafla, fundi kufuli akaitwa atoboe kufuli, akadai pauni 70, na mlango ulipofunguka harufu ilitangulia. Betri iliyogandishwa kwenye ubao wa saketi ilikuwa imevuja miaka na miaka, ikazila njia za shaba mpaka zikawa na ukungu wa kijani kama sarafu iliyozikwa ardhini. Ubao ulikuwa umekufa. Mashine ikaishia kwenye jalala la manispaa, na kuifikisha huko kuliwagharimu tena.

Ndiyo maana nasema usilipe kabla hujashika ufunguo wa nyuma mkononi, ukaugeuza mwenyewe, ukatazama ndani. Mashine nyingi za Uingereza za kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwisho wa miaka ya 1990 zina betri ya aina hiyo, ya kuhifadhi kumbukumbu umeme ukikatika. Muulize muuzaji: imebadilishwa lini? Mwenye mashine nzuri hujibu bila kusita, na pengine atakuonyesha ile ya zamani aliyoing'oa. Ukiona ukungu wa kijani au mweupe kuzunguka betri, ondoka. Kama ni mdogo tu, fundi anaweza kuusafisha kwa siki na brashi, lakini bei ishuke ipasavyo. Na kabla ya kuingiza mkono wowote humo, chomoa waya ukutani. Ndani mna umeme uleule wa nyumba, na mashine iliyotoka baa huenda imemwagiwa bia mara nyingi.

Jambo la sarafu huwakwaza wengi, na kwa mgeni wa Uingereza ndilo gumu kulikisia. Mashine ya zamani huitambua sarafu kwa ukubwa na madini yake, na Waingereza wamezibadilisha mno sarafu zao. Peni 5 ilipunguzwa mwaka 1990, peni 10 mwaka 1992, peni 50 mwaka 1997. Pauni moja ya duara iliondolewa kwenye mzunguko tarehe 15 Oktoba 2017, ikabaki ile ya pembe 12. Mashine isiyorekebishwa huitema pauni ya leo kama mtoto anavyotema dawa. Wapo wanaohifadhi pauni za duara kwa ajili hiyo tu. Lakini peni 20 haijabadilika umbo tangu ilipotolewa mwaka 1982, na mashine iliyopangwa kula peni 20 haitakusumbua. Dada yangu alinunua ya namna hiyo kutoka kwa mzee mmoja aliyestaafu ufundi wa mashine za baa, ambaye kabla ya kutaja bei aliwafungulia nyuma, akawashikisha funguo tatu, akawaeleza kila waya unakokwenda. Walilipa pauni 220, na wanasema mazungumzo yale pekee yalitosha thamani ya fedha hizo.

Mengine ni mafupi. Pima milango na ngazi kabla, kwa sababu mashine hizi ni ndefu kama mtu mzima na hazikunjiki. Tafuta watu watatu wenye migongo mizima. Kama unanunua dukani, muuzaji wa kazi hiyo anapaswa kuwa na leseni ya Tume ya Kamari ya Uingereza, mwombe akuonyeshe. Na ukishaifikisha nyumbani usimtoze mgeni hata peni moja. Ukianza kukusanya fedha za wageni, sebule yako imekuwa nyumba ya kamari.

Tuje kwenye sababu ya mimi kusema ndiyo. Siku ile ya kipande cha plastiki, mpwa wangu alipewa kopo la maziwa lenye sarafu 100 za peni 20, yaani pauni 20. Sarafu moja, mzunguko mmoja. Nilimpa daftari nikamwambia aingize zote 100, kisha ahesabu zilizorudi, aziingize hizo tena, ahesabu tena, hadi kopo liwe tupu.

Mara ya kwanza zilirudi 91. Akafurahi. Aliziingiza 91, zikarudi 54. Akaziingiza 54, zikarudi 61, akaruka juu: "Mjomba, imegeuka! Sasa tunaila sisi!" Akaziingiza 61, zikarudi 38. Kisha 22. Kisha 9. Kisha mashine ikawaka taa zake zote, ikapiga muziki wake, na haikutoa kitu. Saa moja na nusu hivi ilikuwa imepita. Alikaa sakafuni akajumlisha: alikuwa ameingiza sarafu mara 375, na mashine ilikuwa imerudisha mara 275. Ni kama asilimia 73, si mbali na ile namba ya nyuma. Akanitazama.

"Lakini mjomba, si ilitakiwa irudishe sabini na nane? Mbona kopo ni tupu?"

Nimekutana na watu wazima, wenye vyeti, ambao hawajawahi kujiuliza swali hilo. Mtu akisoma kwamba mashine hurudisha asilimia 78 hudhani akienda na 100 atarudi na 78. Angerudi nazo kama angezipitisha fedha zake mara moja tu akaondoka. Haondoki. Zile 78 anazirudisha mdomoni zinakuwa 61, hizo zinakuwa 47, kisha 37, kisha 29, na kila hatua mashine inakata fungu lake kwenye kilekile ilichokurudishia. Ushindi wa katikati, kama ule wa 61, hauvunji hesabu. Kazi yake ni kukuweka kitini hadi hesabu ikamilike.

Baada ya hapo shemeji alimpa mtoto ufunguo. Akafungua nyuma, na sarafu zake zote 100 zilikuwa humo ndani, juu ya nyingine 200 zinazokaa kwenye pipa la kulipia. Akazitoa kwa mikono yake. Nilikuwa namtazama usoni. Alikuwa ameelewa kitu ambacho mhubiri na mwalimu wangehitaji mwaka mzima kumwelewesha: mwenye mashine hahitaji bahati, kwa sababu ana ufunguo.

Kuna somo la pili, na hili ndilo lile la vitufe. Mashine hizi za Uingereza, ukishinda kidogo, hukualika uongeze. Inakuonyesha namba, tuseme 2 kati ya 1 na 12, inakuuliza: inayofuata itakuwa juu au chini? Mwenye akili timamu atasema juu. Mashine inatoa 1. Amepoteza, naye anajilaumu kwa bahati mbaya. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa mashine hizi waliziigiza kwenye kompyuta kwa programu maalumu, wakawa wanaweza kusimamisha mchezo kabla ya kuchagua, wajaribu juu, warudi nyuma, wajaribu chini. Wakakuta kwamba mara nyingine ukichagua juu unapoteza na ukichagua chini unapoteza vilevile. Matokeo yalikwishaamuliwa, swali lilikuwa la kumtuliza mchezaji. Kelele zao ndizo zilizofanya mashine za Uingereza zibandikwe tangazo kwamba huenda wakati fulani zikatoa chaguo ambalo mchezaji hana nafasi yoyote ya kufanikiwa. Tangazo hilo lipo kwenye mashine ya dada yangu, maandishi madogo, chini, karibu na goti. Nililisoma nikapandwa na hasira ambayo haijanitoka.

Mama yetu alikuwapo wiki zile, amekuja kutoka Tanga kuwaona wajukuu. Hakuikubali mashine siku ya kwanza na hajaikubali mpaka leo. Alisema, "Mwanangu, nyoka hata akiwa amekufa humlazi kitandani na watoto." Kwake kamari ni haramu, na chombo cha kamari hakina mahali katika nyumba inayosaliwa. Tulimweleza kuwa hakuna anayeweka fedha yake, kwamba sarafu ni za mashine, zinatoka kwenye kopo na kurudi kwenye kopo, hakuna anayepata wala kukosa. Alisikiliza hadi mwisho, akasema mtoto huzoea mlio kabla hajajua maana yake.

Sikuwa na jibu zuri, na sitaki kujifanya ninalo sasa. Muziki ule umetungwa na watu wanaojua kazi yao, na mtoto huupenda. Kwa hiyo nasema bila kulegeza: kama ndani ya nyumba kuna mtu aliyewahi kuumwa na kamari, hata kama amepona miaka kumi, usiilete. Kama wazazi wa nyumba hiyo wanaona dini yao inakataa, hapo mjadala umekwisha, na sitamshawishi mtu kinyume cha dhamiri yake. Na kama huna muda wa kukaa na mtoto, kufungua nyuma na kuhesabu naye, basi umenunua mwalimu wa kamari. Mashine iliyofungwa sebuleni inafundisha kilekile inachofundisha baa.

Ninaandika haya nikiwa Dar es Salaam, ambako mashine ya namna hii huitwa dubwi, na ukitembea mitaa ya uswahilini huikosi. Kijana wa bodaboda ninayemfahamu Mbagala husimama kwenye moja karibu kila jioni kabla ya kupeleka hesabu kwa tajiri wake. Nilimuuliza kwa nini anang'ang'ania ileile. Akaniambia, "Leo imekula sana, iko karibu kutapika." Anaamini ina tumbo, na tumbo likijaa lazima litoe. Nilitamani kumshika mkono nimpeleke nyuma yake. Ziko mashine, kama zile za baa za Uingereza, ambazo hukumbuka kweli zilichokula na kujirekebisha, lakini hujirekebisha kuelekea namba ya mwenye mali, ambayo daima iko chini ya mia. Nyingine hazikumbuki chochote. Kila mzunguko ni mwanzo mpya. Kwa vyovyote vile, hakuna jioni ambayo mashine inamdai yeye kitu.

Sheria zetu zinakataza aliye chini ya umri wa miaka 18 kucheza, na kila anayeishi mitaa hiyo anajua anachokiona. Kenya nao wamepambana na mashine zinazomeza sarafu za shilingi 20 madukani. Mwaka 2018 serikali ilizikamata na kuzichoma moto hadharani. Naelewa hasira hiyo. Ila moto ule uliteketeza pia vielelezo. Mtoto aliyeziona zikiungua alijifunza kuwa zimekatazwa, hakujifunza zinafanyaje kazi, na leo mchezo uleule umo kwenye simu ya mzazi wake, magurudumu yanazunguka kwenye kioo, na simu haina mlango wa nyuma. Hakuna wa kumfungulia aone namba.

Ombi langu kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha ya Tanzania ni dogo na halihitaji bajeti mpya. Mashine haramu zinapokamatwa, msiziharibu zote. Tengeni chache, mzing'oe uwezo wa kuchezewa fedha, mzipeleke kwenye vyuo vya ufundi vya VETA na shule za sekondari. Mwanafunzi wa umeme apate kifaa cha kujifunzia mota na saketi. Mwanafunzi wa hisabati apewe sarafu 100 na daftari. Mlango wa nyuma uwe wazi siku zote.

Na aliyeko Uingereza anayewaza kumletea ndugu yake mashine kwenye kontena: aulize Bodi hiyo kwanza, kabla ya kulipia mzigo. Nadhani ingekuwa bora zaidi ibaki hukohuko.

Ya Manchester bado iko kwenye kona yake. Mpwa wangu ndiye anayetunza funguo, na kila mwisho wa mwezi hufungua, hufuta vumbi, huangalia betri mpya kama haijaanza kuvuja, kisha humwaga sarafu zote mezani na kuzihesabu. Alinitumia picha Jumapili iliyopita. Zilikuwa 300, zote zipo.